Ngoma Iliyopitia Accra, Brussels na Soweto

Kuzungumza habari za dansi redioni kuna ugumu wake. Mguu siwezi kukuonyesha, wala bega. Kwa hiyo leo naazima mikono yako. Kama umeshika usukani, endelea kuendesha. Sisi wengine tupige makofi. Piga matatu, nyamaza pigo moja. Piga mawili, nyamaza. Piga moja, nyamaza. Piga mawili, nyamaza. Kisha rudi mwanzo papo hapo, bila kupumzika. Makofi 8, vituo 4, jumla mapigo 12.

Umeshika? Sasa mwite mtu mwingine apige hayo hayo, na asibadili kitu hata ukimkonyeza. Mkisharudia mara kadhaa, wewe sogea pigo moja mbele: anzia kofi la pili badala ya la kwanza. Mnapiga kitu kile kile, ila hakilingani tena, na katikati yenu unasikika mdundo ambao hakuna anayeupiga. Sogea tena pigo moja. Na tena. Ukishasogea mara 12 mtakuwa mmekutana pale mlipoanzia, na kama hamjagombana, basi mna vipaji.

Kazi hiyo ni ya mtunzi wa muziki wa Marekani, Steve Reich, aliyeitunga mwaka 1972 kwa ajili ya watu wawili na viganja vyao. Nimeanza nayo kwa sababu ndiyo njia ya mkato ya kuingia kwenye swali la leo: mcheza dansi anapotulia na kuisoma kazi ya mtunzi wa zama zake, anasoma nini hasa? Na dansi mpya inatokaje humo, badala ya kutoka nakala?

Mwaka 1982, Mbelgiji aitwaye Anne Teresa De Keersmaeker, hajatimiza hata miaka 22, alionyesha mjini Brussels kazi iitwayo Fase. Ina sehemu nne, zote juu ya muziki wa Reich, na ya mwisho ni hayo makofi tuliyopiga. Wengi wetu tukipewa muziki tunautafutia hatua za kuufurahisha: mdundo ukipanda tunaruka, ukishuka tunainama. De Keersmaeker aliuuliza ule muziki umejengwaje. Akaona kwamba umejengwa kwa kipande kimoja kifupi, watu wawili wanakirudia, na mmoja anamtangulia mwenzake kidogo kidogo mpaka wanapoteana, kisha wanakutana tena. Kanuni hiyo akaitia mwilini. Sehemu ya kwanza ina wanawake wawili wenye magauni yanayofanana. Wanageuka, wanarudi, wanageuka, mkono ukibembea, halafu mmoja anaongeza kasi kiasi ambacho ukipepesa macho hukioni. Wanaachana. Wanakutana. Taa zimewekwa hivi kwamba vivuli vyao vinaanguka ukutani nyuma yao, na pale katikati vivuli viwili vinalaliana kuwa kimoja. Anaonekana mwanamke wa tatu ambaye hayupo, kama ule mdundo wetu ambao hatukuupiga.

Reich hakuwa na hatua za kuigwa, maana yeye si mcheza dansi. Kwa hiyo binti yule hakuwa na njia ya mkato. Ilimbidi achukue namna ya kufikiri, na hatua azitafute mwenyewe. Nadhani ilikuwa bahati yake kubwa. Vijana wengi wanaosoma kazi za wacheza dansi wakubwa wanaanza na shida ya kinyume: hatua ziko pale pale kwenye simu, zinang'aa, zinaigika, na mtu akishaziweza anaamini amemaliza kusoma.

Na Reich naye alisoma kwa nani? Mwaka 1970 alisafiri kwenda Ghana, akawa mwanafunzi pale Legon, pembeni ya Accra, kwa fundi wa ngoma za Waewe aitwaye Gideon Alorwoyie. Alikusudia kukaa muda mrefu zaidi, ila malaria ikamrudisha kwao baada ya wiki chache tu. Mbu wa kwetu hawajali vyeo. Aliporudi alitunga Drumming, kazi inayoweza kufika saa nzima na zaidi, yenye ngoma ndogo, marimba na sauti za watu, na yote imetoka katika kipande kimoja cha mdundo. Reich amesema mara nyingi kwamba Ghana ilimthibitishia jambo alilokwisha kulianza, na ni kweli kwamba kazi zake za mwaka 1965 na 1967 tayari zina ufundi huo wa kupishana. Namwamini. Lakini mtu aliyekaa mbele ya fundi, akafundishwa kushika zamu yake kwenye kengele ya chuma huku wenzake wanapita juu yake na mapigo yasiyolingana na yake, haondoki kama alivyokuja. Yeyote aliyewahi kukaa karibu na wapigaji wetu wa pwani anajua ninachosema: chapuo inakimbia, vumi inaitikia kwa chini, na mchezaji ndiye anayeamua ipi aiweke kiunoni na ipi miguuni.

Mwaka 1998 De Keersmaeker alimrudia Reich, safari hii kwa Drumming yenyewe. Wachezaji 12, na kanuni ile ile: sentensi moja ndefu ya mwili, basi. Kinachobadilika ni mahali inapochezwa, mwelekeo, kasi, na nani anaidaka kutoka kwa nani, huku jukwaa zima likizunguka kwa mistari inayojizungusha kama pia. Onyesho hilo lilifika Johannesburg. Miongoni mwa waliolitazama alikuwemo msichana wa miaka 14 kutoka Soweto, Dikeledi Masilo, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Dada Masilo. Dada ni jina lake la jukwaani, nisije nikaambiwa nimemzoea.

Masilo alizaliwa mwaka 1985. Alianza kucheza mitaani na kikundi cha wasichana wenzake, kisha akaingia Dance Factory pale Newtown, Johannesburg, akafundishwa baleti na dansi ya kisasa. Alipoiona Drumming alitaka kwenda kwa mtu aliyeitunga. Na mtu huyo alikuwa na shule: P.A.R.T.S., aliyoifungua Brussels mwaka 1995. Masilo akaomba, akajaribiwa, akakubaliwa akiwa na umri wa miaka 19.

Hebu itazame safari hiyo. Mdundo wa Waewe unaingia kwenye daftari la Mmarekani, unakwenda New York, unavuka hadi Brussels, unaingia miilini mwa wachezaji wa Ulaya, unarudi Afrika kwa ndege, na unampata mtoto wa Soweto kitini. Najua yuko msikilizaji anayetikisa kichwa na kuuliza: si angekwenda Accra moja kwa moja? Pengine. Lakini jumba la maonyesho halikumletea Accra usiku ule. Lilimletea watu 12 wanaofikiri kwa miguu, naye akaona kwamba kumbe jambo hilo linawezekana. Mwaliko unaupokea kwenye mlango uliogongwa.

Sasa tuingie darasani. Katika shule za namna hiyo mwanafunzi hasomi kazi ya mtunzi kwa kutazama picha na kuandika insha. Anafundishwa kipande chenyewe na mtu aliyewahi kukicheza, hesabu kwa hesabu, mpaka goti lijue. Hapa siwaungi mkono wanaodharau kuiga. Mwanafunzi wa tarabu anayetaka kupiga udi huanza kwa kupiga alichopiga mwalimu wake, na hakuna anayemwita mwizi. Ukijilazimisha kucheza kipande cha mwingine sawasawa, bila kukirekebisha kikufae wewe, ndipo mwili wako unapoanza kulalamika, na malalamiko hayo ndiyo elimu. Unagundua kwamba siku zote unapogeuka unavuta pumzi mapema. Unagundua uzito wako unakaa visiginoni, na yeye anauweka mbele. Video haikuambii hayo. Inakupa umbo, na umbo ndilo sehemu ndogo kuliko zote.

Kuna kazi moja inayofundisha vizuri kuliko nyingine kuhusu jambo hili, nayo ni ya De Keersmaeker huyo huyo, ya mwaka 1983: Rosas danst Rosas. Wanawake wanne. Sehemu ya pili wamekaa vitini. Ukizihesabu ishara zao hazina maajabu: mkono unapita kwenye nywele, mguu unakunjwa juu ya mwingine, kichwa kinaanguka, blauzi inavutwa ibaki bega wazi, kisha inarudishwa. Mambo ambayo wasichana hufanya siku nzima bila kujua wanayafanya. Yeye akayapanga kwa hesabu kali, akayarudia na kuyarudia, wanne pamoja, halafu mmoja anachomoka, halafu wawili, kisha wote wanarudi kwa mpigo mmoja. Muziki wa Thierry De Mey na Peter Vermeersch ulitungwa sambamba na mazoezi, kwa hiyo huwezi kusema nani anamfuata mwenzake. Ukikaa nayo, kile kitendo kidogo cha kurudisha blauzi begani kinaanza kukuuma, maana unamwona mtu anayejiachia na kujizuia katika sekunde moja.

Oktoba 2011 Beyoncé alitoa video ya wimbo wake Countdown. Waliokuwa wanaijua Rosas wakashtuka: viti, mabega, mavazi, hata namna kamera ilivyokaa, vilifanana mno na filamu ya kazi ile, pia na kazi nyingine ya De Keersmaeker iitwayo Achterland. De Keersmaeker mwenyewe hakuwa ameombwa ruhusa. Beyoncé alikiri kwamba Rosas ilikuwa miongoni mwa vyanzo vyake vingi. Maneno yakawa mengi, kama kawaida, wengine wakisema ni heshima, wengine wakisema ni wizi wa mchana.

Mimi mashaka yangu ni madogo zaidi, nayo ni ya kifundi. Tuseme ruhusa ilikuwepo. Je, video ile ilisoma Rosas? Ilichukua mkono na nywele, ikaacha hesabu. Ilichukua bega, ikaacha kurudiarudia kunakolifanya bega liume. Ni kazi inayopendeza kutazama, siikatai, na mwimbaji ni hodari. Ila kama Rosas ni nyumba, kilichopigwa picha ni rangi ya ukuta.

Jibu la De Keersmaeker lilikuja miaka miwili baadaye, kazi ilipotimiza miaka 30. Alishirikiana na kundi la vijana la fABULEOUS wakaanzisha mradi wa Re:Rosas!: yeye na mchezaji wake wakarekodi mafunzo ya ile sehemu ya viti, kitendo baada ya kitendo, na muundo wake, wakayaweka kwenye intaneti bure. Ujumbe ulikuwa, jifunzeni, kisha tengenezeni yenu na mtutumie. Zikamiminika video kutoka nchi nyingi, za watoto wa shule, wazee, watu jikoni na watu uwanjani. Alichofanya mama yule ni kutoa kitu ambacho video ya Countdown haikuwa nacho, yaani kanuni ya ndani. Akishakupa kanuni, hana haja tena ya kukulinda usimwige, kwa sababu ukiitumia kwa uaminifu utatoa kitu kinachofanana na wewe.

Hoja ya kwamba haya ni mambo ya kizungu huwa inafika hapa, na inajibiwa na pwani yetu yenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19, watu wa Lamu na Mombasa walizitazama gwaride na bendi za matarumbeta za wakoloni. Wakasoma mpangilio: safu, vyeo, sare, mashindano ya kambi na kambi. Wakatoa ngoma ya beni. Ilikuwa na makingi na majenerali wake, nyimbo zake za Kiswahili za kuchambana, na ushindani wa mitaa uliokuwepo kabla ya tarumbeta la kwanza kushushwa bandarini. Ikasafiri hadi bara, Tanganyika ikawa na vikundi vyake vya Marini na Arinoti. Mtawala alipoitazama hakuwa na hakika kama anasifiwa au anadhihakiwa, na waliocheza hawakuwa na haraka ya kumweleza.

Turudi kwa Masilo, maana yeye ndiye mfano wangu mkubwa. Alipotoka Brussels hakuanza kutunga kama De Keersmaeker. Alizichukua hadithi kongwe za baleti moja baada ya nyingine, Romeo na Juliet, Carmen, Swan Lake, na baadaye Giselle, akazipindua. Swan Lake yake ya mwaka 2010 inachezwa miguu mitupu, wanaume nao wamevaa zile sketi za baleti zilizosimama kama mwamvuli, na mwanamfalme anayebanwa na wazazi aoe anampenda mwanamume. Nyonga za ngoma za Afrika Kusini zinaingia katikati ya Tchaikovsky bila kubisha hodi. Na ukiusikiliza muziki wake kwa makini, humo ndani yumo Steve Reich. Mwanafunzi hakusahau.

Lakini kazi ninayoitaka ni The Sacrifice, ya mwaka 2021. Alipokuwa P.A.R.T.S. Masilo alifundishwa kipande cha The Rite of Spring kama ilivyotungwa na Mjerumani Pina Bausch mjini Wuppertal mwaka 1975. Muziki ni ule wa Stravinsky uliozua vurugu Paris mwaka 1913. Bausch alilimwagia jukwaa lote udongo mweusi wa mboji. Wanawake wanapokezana gauni jekundu kwa woga, kwa sababu atakayebaki nalo ndiye atakayecheza mpaka afe. Kadiri wanavyocheza ndivyo udongo unavyoganda kwenye jasho, na mtazamaji anasikia wanavyohema. Ukishaicheza hiyo mwilini mwako, utafanya nini nayo?

Wengi wangeitafsiri: udongo mwekundu badala ya mweusi, ngoma badala ya okestra, na kazi imekwisha. Masilo aliuacha kabisa muziki wa Stravinsky. Akaenda kujifunza ngoma ya Watswana, watu wa asili yake, na alikwenda kama mwanafunzi. Alikulia Soweto, mjini, na hakuzaliwa na ngoma hiyo miguuni. Napenda sana hatua hiyo, kwa sababu tumezoea kusema kwamba mambo ya kwetu yako kwenye damu. Damu haikumfundisha mtu kuhesabu. Ngoma ya Watswana ina hesabu zake, ina namna yake ya kusimulia, na humo mwili hujifunza wepesi wa vinyama vidogo vya nyikani. Ilibidi avumilie kuwa mgeni katika jambo ambalo kila mtu alidhani ni lake.

Kisha akawaweka wanamuziki jukwaani pamoja na wachezaji, wakatunga huku wakisikilizana na miguu. Miongoni mwao mwimbaji Ann Masina, ambaye sauti yake haikuwekwa pale kwa mapambo. Kilichobaki cha Bausch ni swali lake: jamii inapomchagua mmoja afe kwa ajili ya wote, waliobaki wanasimamaje wakati wanamtazama? Swali hilo Masilo alilichukua lote. Majibu hakuchukua hata moja. Na bila kulicheza kwanza jibu la mwenzake neno kwa neno, nina shaka kama angelijua swali.

Kwa hiyo tumefika mahali pa kushangaza kidogo. Kazi ya Mjerumani ndiyo iliyompeleka msichana wa Soweto kwa walimu wa Kitswana. Siyo kwa sababu Mjerumani alijua chochote juu ya Watswana. Ni kwamba kazi ikisomwa mpaka chini, mtu huona wazi mtunzi alikochota, na papo hapo huona aibu kwamba kisima chake mwenyewe hajakichungulia.

Masilo alifariki Johannesburg Desemba 2024, akiwa na miaka 39. Mwaka huo huo alikuwa ametoa Hamlet.

Nimalizie kwa vikundi vya dansi vinavyonisikiliza, Bagamoyo, Kisumu, Bujumbura, popote mlipo. Mafunzo ya ile kazi ya viti yatafuteni. Viti vinne mtaazima shuleni. Jifunzeni dakika mbili tu, kwa ukali, bila kuongeza mbwembwe hata mnazoziweza. Mkishaiweza andikeni kwenye karatasi, kwa Kiswahili cha kawaida, kanuni mnayoiona: ishara za kila siku, zinarudiwa kwa hesabu, mmoja anachomoka, anarejea. Halafu viti mrudishe, muende kituo cha daladala saa kumi na mbili jioni mkae mnatazama. Mama anafungua kanga, anaifunga upya kifuani, anakaza. Binti anarudisha mtandio unaoteleza. Kijana anatoa simu ambayo haijalia, anaitazama, anairudisha mfukoni. Mzee anajipepea na gazeti lililokunjwa. Basi linakuja, wote wanasogea hatua moja, halisimami, wote wanarudi hatua moja.

Zitoeni humo ishara nne, mzipange. Mkigombana juu ya hesabu, mpigieni mpiga chapuo mmoja aje awasimamie, na mumlipe nauli. Na siku mkitengeneza bango la onyesho, chini kabisa, hata kwa herufi ndogo, andikeni mlikosoma. De Keersmaeker mwandikeni. Reich naye. Na Alorwoyie, ambaye baadaye alikuwa profesa wa ngoma hizo hizo katika University of North Texas huko Marekani, na ambaye kwenye mabango mengi hayupo.